Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kanga, Kibatari na Mbuzi

Ndugu wanachama,

Kikundi chetu cha uandishi kilikutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Utaratibu ni uleule: kifaa kimoja cha nyumbani, sheria moja mpya, kisha kila mtu anaandika ulimwengu unaozaliwa humo.

Kikao kilichonikaa moyoni ni cha kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Je, ingekuwaje kama jina lingejiandika lenyewe kufuata aliyonayo moyoni aliyeivaa? Nusu saa nzima tulicheka tu, kila mtu na wifi yake. Kisha mwenzetu mmoja akaandika kwamba wanawake wa mji huo wangelikata jina na kuzikunga upya kanga zao, na fundi cherehani angekuwa mtunza siri wa mtaa. Papo hapo tukapata magendo ya majina yaliyokatwa, na hakimu asiyejua kama kanga ni shahidi au kidhibiti.

Kibatari nacho tulikiwasha kwa maneno badala ya mafuta ya taa. Nyumba ya wagomvi iling'aa hadi alfajiri. Mjane anayeishi peke yake akaajiri mmbea kwa saa.

Mbuzi ya kukunia nazi haikutusumbua, maana lugha ilishamaliza kazi: kuna mtu zamani aliona kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, akaita mbuzi. Ndiyo sababu sasa tunafungua vikao kwa vitendawili. Anayetega "Nyumba yangu haina mlango" ameshaligeuza yai kuwa makazi.

Kikao cha simu kilituangusha. Simu ya kusoma mawazo iliandikwa na karibu kila mtu, na hakuna aliyejiuliza vocha yake inauzwa wapi na nani anakopeshwa. Kifaa nilichagua mimi, lawama ni yangu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nakumbusha tu kwamba ada hulipwa Januari, si siku ya pilau.

Tulipokosa ukumbi tulihamia barazani kwa mwanachama, na kusema kweli palitufaa zaidi, ingawa mwenye nyumba alitukatiza mara mbili akidai kinu chake. Kwa hiyo tutaanza mwaka na kinu, na sheria ni hii: kinakumbuka kila kilichowahi kutwangwa humo. Safari hii tutamwomba mama mwenye kinu mwenyewe aandike wa kwanza.

Mwenyekiti