Mzee France, dereva akisema tairi ni mbovu asitozwe faini

Kwako Mzee Jim France,
Mwenyekiti wa NASCAR,
Daytona Beach, Florida.

Shikamoo Mzee.

Mimi ni dereva wa lori, naishi Charlotte, na Jumapili zangu nyingi ni za mbio zenu za magari za NASCAR. Nakuandikia kwa ajili ya madereva wanaosema hadharani kwamba tairi walizopewa si salama, na adhabu inayoweza kuwafuata kwa kusema.

Naanza na Talladega, uwanja wenu wa mbio kule Alabama, kwa sababu inaihusu familia yenu. Septemba 1969 baba yako, Bill France, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga uwanja ule wa maili 2.66. Kwenye mazoezi magari yalikaribia mwendo wa maili 200 kwa saa, na tairi zikaanza kuchanika. Madereva, wakiongozwa na Richard Petty, wakaomba mbio ziahirishwe. Baba yako akaingia garini mwenyewe, akauzunguka uwanja kuonyesha kwamba unaendesheka, akashikilia kuwa mbio zipo palepale. Madereva zaidi ya 30 wakapakia magari yao wakaondoka. Mbio zikafanyika bila wao na Richard Brickhouse akashinda.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa hakuna aliyekufa siku ile, baba yako alikuwa sahihi. Siwezi kukubali. Walioondoka walikuwa wamezika wenzao. Jimmy Pardue alikufa hapa Charlotte mwaka 1964 akiwa kwenye majaribio ya tairi. Januari 1965 Billy Wade akafa Daytona katika kazi hiyohiyo. Ni baada ya vifo hivyo ndipo tairi za mbio kwenye viwanja vya kasi zilipowekewa tairi nyingine ndani, ili ya nje ikipasuka dereva abaki na kitu cha kumfikisha pembeni akiwa hai. Watu waliolipa bei hiyo hawakuwa waoga.

Njoo sasa mwaka 2008. Mwezi Machi, Atlanta, dereva Tony Stewart alizishambulia tairi za Goodyear, kampuni inayowatengenezea tairi, kwa maneno makali: ngumu mno, hazishiki lami. Alikuwa ameshika nafasi ya pili, kwa hiyo hasira zake hazikuwa za aliyeshindwa vibaya. Miezi minne baadaye, Indianapolis, tatizo likaja kwa sura nyingine. Tairi zililiwa zikaisha ndani ya mizunguko kama kumi tu, na waamuzi wakalazimika kutoa bendera ya njano, ya kupunguza mwendo, kila mara ili timu zibadilishe kabla hazijapasuka. Jimmie Johnson alishinda, lakini watu walikuwa wamelipa kuona mbio, wakaona msafara. NASCAR iliomba radhi, na hilo naliheshimu. Kilichofuata ndicho kilicholeta nafuu: majaribio yakarudiwa mara nyingi, madereva wakaendesha na kueleza wanachokisikia kwenye usukani, na mwaka 2009 mbio za hapo zikaenda salama. Yaani walipoulizwa, walisaidia.

Ndiyo maana faini zinaniuma. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba NASCAR ilikuwa imewatoza baadhi ya madereva faini kwa siri kwa sababu ya maneno yao. Mwaka 2013 Denny Hamlin akatozwa dola 25,000 kwa kusema gari jipya halishindani vizuri kama la zamani. Hakumtukana mtu. Kijana anayeanza, asiye na jina wala mkataba wa uhakika, akiona hivyo atanyamaza hata akisikia tairi ya nyuma inayumba.

Najua timu nazo zina makosa yao. Hupunguza upepo chini ya kiwango kinachoshauriwa ili gari lishike vizuri kwenye kona. Septemba 2022, Texas, Chase Elliott, Kevin Harvick na Martin Truex Jr. wote walipasukiwa tairi wakiwa wanaongoza, na Goodyear ikaelekeza kidole kwenye upepo mdogo. Huenda ni kweli. Lakini mtengenezaji ni mmoja, timu hazina pengine pa kununua, na anayegonga ukuta ni dereva. Najua pia kwamba tangu 2022 madereva wana baraza lao. Ni jambo jema, ila baraza halimkingi mtu anayeulizwa swali mbele ya kamera akiwa ameshuka kwenye gari lililoungua.

Nakuomba mambo mawili, Mzee. Iandikwe katika kanuni, kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili, kwamba dereva hataadhibiwa kwa kusema lolote kuhusu usalama wa tairi au gari, hata akisema kwa hasira. Na kila tairi ikipasuka kwenye mbio, matokeo ya uchunguzi yatolewe hadharani, upepo uliopimwa na hali ya tairi yenyewe, kabla madereva hawajapanga mstari kwa mbio zinazofuata.

Wako kwa heshima,
Shabiki na dereva wa lori,
Charlotte, North Carolina