Geji mbili, daftari hakuna

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu udanganyifu katika michezo ya kulipwa imesema kwamba Tom Brady na timu yake ya mpira wa Kimarekani, New England Patriots, walikamatwa na mipira 11 kati ya 12 ikiwa imepunguzwa upepo, PSI 2 (ratili 2 kwa kila inchi ya mraba) kila mmoja. Habari hiyo si ya kweli, na haikuwa ya kweli hata siku ilipotangazwa mara ya kwanza. Hadi nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kuhakiki geji, yaani vyombo vya kupimia mgandamizo, za upepo na za mvuke kiwandani hapa Massachusetts. Naomba basi nafasi kidogo, maana katika kisa hiki kila mtu amemzungumzia Brady na wachache mno wamezungumzia geji.

Nianze kwa kusema nasimama upande gani, asije mtu akadhani natetea timu ya jirani. Mimi ni mshabiki wa New York Giants. Nilipoingia nchi hii nilikaa New Jersey kwanza, ushabiki ukanishika huko, na kuhamia Lowell hakukuuondoa. Giants walipowafunga Patriots kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, mwaka 2008, na tena mwaka 2012, mtaa mzima ulinuna, nikasherehekea peke yangu sebuleni kwa sauti ya chini. Kijana wangu aliyezaliwa hapa ni Patriots damu damu, na hadi leo hajanisamehe kicheko kile. Sina sababu yoyote ya kumwonea Brady huruma.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa tarehe 18 Januari 2015, uwanja wa Gillette huko Foxborough, Patriots dhidi ya Indianapolis Colts, mshindi aende Super Bowl. Kanuni ya NFL, ndiyo ligi yenyewe, inataka mpira uwe na upepo wa PSI 12.5 hadi 13.5. Wasomaji waliozoea soka wanaweza kushangaa kusikia kwamba kila timu ilikuja na mipira yake na kuitumia inaposhambulia. Patriots waliomba yao iwekwe 12.5, kwa sababu Brady, ambaye ndiye aliyekuwa kotabeki, yaani mrushaji wa mipira, alipenda mpira unaokubali kubanwa kidogo na vidole. Colts waliweka yao karibu 13. Mwamuzi mkuu, Walt Anderson, aliikagua mipira yote chumbani kabla ya mchezo.

Aliikagua, lakini hakuandika popote. Hakuna karatasi inayosema mpira wa kwanza ulisoma hivi na wa pili vile. Zaidi ya hapo alikuwa na geji mbili mkobani, moja yenye nembo ya kampuni na sindano ndefu iliyopinda kidogo, nyingine isiyo na nembo, na geji hizo hazikukubaliana. Ile yenye nembo ilisoma juu kuliko mwenzake kwa kati ya 0.3 na 0.45. Kiwandani kwetu geji mbili zikitofautiana hivyo, zote zinafungiwa kabatini mpaka ijulikane ipi ni mwongo. Na fundi aliyepima bila kuandika alihesabiwa hakupima. Alirudia kazi yote, hata kama ni saa ya kwenda nyumbani.

Wakati wa mapumziko, baada ya Colts kulalamika, waamuzi waliichukua mipira 11 ya Patriots na kuipima kwa geji zote mbili. Safari hii waliandika. Yote ilikuwa chini ya 12.5. Geji yenye nembo ilitoa wastani wa karibu 11.49, na isiyo na nembo karibu 11.11. Walipofika kwenye mipira ya Colts muda uliwaishia, wakapima minne tu, tena ikiwa imeshakaa ndani kwenye joto kwa dakika kadhaa zaidi. Hata hivyo, kwa moja ya zile geji, mitatu kati ya hiyo minne nayo ilisoma chini ya 12.5. Mwandishi wenu hakulitaja hilo.

Sasa tufanye hesabu, si ngumu. Upepo ukipoa, mgandamizo wake hushuka. Kwa uchunguzi uliofanywa baadaye, chumba cha waamuzi kilikuwa na joto la kama nyuzi 22 za Selsiasi, na nje kulikuwa na kama 9 pamoja na mvua. Chukua 12.5, ongeza 14.7 ya hewa inayotuzunguka, unapata 27.2. Badilisha joto kuwa Kelvini: 295 ndani, 282 nje. Zidisha 27.2 kwa 282, gawanya kwa 295, kisha toa ile 14.7. Jibu ni 11.3. Mpira ambao hakuna mkono uliougusa, uliotoka chumbani ukiwa halali kabisa, ulikuwa lazima usome karibu na hapo uwanjani, kisha kipimo kipande tena taratibu ukirudishwa ndani. Wataalamu waliokodiwa na NFL yenyewe, kampuni ya Exponent, walikadiria 11.32 hadi 11.52. Rudi utazame wastani wa geji yenye nembo: 11.49. Umo ndani.

Kwa hiyo kesi yote ya vipimo ilibaki kwenye swali moja: Anderson alitumia geji ipi kabla ya mchezo? Yeye alisema kwa kadiri anavyokumbuka alitumia ile yenye nembo. Kama ni hiyo, mipira ya Patriots haina cha kuelezwa zaidi ya baridi. Wakili Ted Wells, aliyeongoza uchunguzi, aliyakubali maneno ya Anderson katika mambo mengine mengi, ila katika hili akahitimisha kwamba yaelekea mwamuzi alikosea kukumbuka na alitumia geji nyingine. Ripoti yake ya kurasa 243 ilitoka tarehe 6 Mei 2015. Nimeisoma, pamoja na viambatisho vya Exponent, ambavyo ndivyo sehemu tamu kwa watu wa kazi yangu (mke wangu ana maoni tofauti kuhusu neno tamu).

Zile PSI 2 za mwandishi wenu zilitoka kwa ripota wa kituo cha michezo cha ESPN, Chris Mortensen, siku mbili baada ya mchezo. Vipimo vilipokuja kuchapishwa ilionekana kwamba hata kwa geji ile iliyosoma chini, ni mpira mmoja tu uliopungua kiasi hicho: ulisoma 10.5. Kuna kubwa zaidi. Barua ya NFL yenyewe kwa Patriots, iliyoandikwa siku moja baada ya mchezo, ilidai mpira mmoja ulisoma 10.1. Hakuna mpira uliosoma hivyo kwenye geji yoyote. Miezi kadhaa Marekani nzima ilibishana juu ya namba ambazo hazikuwepo, na ninyi mnaziendeleza.

Mtaniuliza, je, ule ujumbe wa simu? Na choo? Sikwepi. Mhudumu wa chumba cha waamuzi aliichukua mifuko ya mipira bila ruhusa, akaingia nayo chooni, mlango ukafungwa kwa takriban dakika 1 na sekunde 40. Kamera ya korido iliona. Katika ujumbe wa simu wa mwezi Mei 2014 mtu huyohuyo alijiita mpunguza upepo. Patriots walijieleza kwamba hayo yalikuwa mazungumzo ya kupunguza mwili. Tuliposikia maelezo hayo, mimi na kijana wangu tulitazamana, na kwa mara ya kwanza katika mambo ya Patriots tukacheka pamoja.

Maoni yangu ni haya: nashuku kwamba katika msimu ule kuna mtu alikuwa na mazoea ya kutoa upepo kidogo baada ya waamuzi kumaliza ukaguzi. Lakini huohuo ujumbe una jambo jingine ambalo halitajwi sana. Baada ya mchezo na New York Jets mwezi Oktoba 2014, Brady alikasirika kwamba mipira ilikuwa migumu kama jiwe, na msaidizi wa vifaa alipoipima kesho yake alikuta mingine inakaribia 16. Mipira hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa waamuzi. PSI 16, wakati mwisho ni 13.5! Aliyekuwa anapunguza huenda aliona anarekebisha kazi mbovu ya watu wengine. Hilo halimpi ruhusa, lakini linaonyesha ukaguzi wenyewe ulikuwa wa namna gani kabla mtu hajaingia chooni na mfuko.

Wells hakusema Brady aliagiza. Alisema yaelekea zaidi kuliko kutoelekea kwamba alikuwa walau na habari kwa jumla. Kwa uzito huo, Brady akafungiwa michezo 4, klabu ikatozwa dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi ya kuchagua mchezaji chipukizi katika raundi ya kwanza mwaka 2016 na ya nne mwaka 2017. Jaji Richard Berman aliifuta adhabu ya Brady Septemba 2015. Mahakama ya rufaa ikairudisha Aprili 2016 kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Tafadhali waelezeni wasomaji kwamba mahakama haikuamua kama Brady alidanganya. Iliamua kama kamishna Roger Goodell alikuwa na mamlaka ya kuadhibu chini ya mkataba wa ligi na chama cha wachezaji. Aliyepinga, Jaji Robert Katzmann, aliuliza jambo la maana: kanuni za ligi zilikuwa na adhabu ya mchezaji anayejipaka gundi mikononi ili mpira usiteleze, nayo kwa kosa la kwanza ilikuwa faini ya dola 8,268. Goodell aliiruka hiyo akalinganisha upepo na dawa za kuongeza nguvu.

Kilichomharibia Brady zaidi ni simu yake aliyoiharibu wakati uchunguzi unaendelea. Alifanya upumbavu. Lakini ligi hiyohiyo, mwaka 2007, iliwakamata Patriots wakirekodi kwa kamera ishara za makocha wa Jets. Kosa lile lilikuwa na kamera na kanda, mtu angeweza kuzishika mkononi. Kocha Bill Belichick akatozwa dola 500,000, klabu dola 250,000 na nafasi ya raundi ya kwanza. Kisha NFL ikaziharibu kanda, hadi Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania akahoji kwa nini. Anayeharibu ushahidi wake anaadhibiwa, na mwenye ligi akiharibu wa wengine inaitwa kufunga faili.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba suluhisho lilikuwa linajulikana. Wapigaji wa mateke walipozidi kuichezea mipira, wengine wakiitia hata kwenye mashine za kukaushia nguo ili ilainike, NFL mwaka 1999 ilileta mipira maalumu ya mateke yenye alama ya K, ikiwa chini ya waamuzi. Miaka saba baadaye, mwaka 2006, kwa maombi ya Brady huyohuyo na kotabeki mwenzake Peyton Manning, ikaruhusu kila kotabeki atumie mipira iliyoandaliwa na timu yake hata akiwa ugenini. Wapigaji wakanyang'anywa, warushaji wakapewa. Brad Johnson, aliyeiongoza Tampa Bay kushinda Super Bowl ya Januari 2003, alikuja kusema mwenyewe kwamba alilipa dola 7,500 watu waisugue mipira ya mchezo ule. Novemba 2014, katika baridi ya Minneapolis, wahudumu walionekana kwenye televisheni wakiipasha mipira joto kando ya uwanja. Ligi ikatoa onyo. Aaron Rodgers, wakati huo kotabeki wa Green Bay, alimweleza mtangazaji Phil Simms kwamba yeye hupenda mpira uliojaa kupita kiasi na husubiri kuona kama waamuzi wataupunguza. Huyo hakuchunguzwa na mtu.

Baada ya kashfa, NFL iliagiza kwamba kuanzia msimu wa 2015 mipira ipewe namba, PSI ya kila mmoja iandikwe kabla ya mchezo, na katika michezo itakayochaguliwa ipimwe tena wakati wa mapumziko. Hatimaye daftari lilipatikana. Msimu mzima wa vipimo, kwenye joto la Miami na baridi ya Green Bay, ungetosha kutuonyesha mpira usioguswa hushuka kiasi gani. NFL haikuyachapisha matokeo hayo. Brady alikaa nje michezo yake 4 mwaka 2016, akarudi, akaipiku Atlanta 34 kwa 28 kwenye Super Bowl baada ya kuachwa nyuma 28 kwa 3, na mimi nikalazimika kuitazama yote pamoja na kijana wangu.

Naomba msahihishe zile PSI 2. Na mwandishi wenu akibahatika kumpata msemaji wa NFL, amwombe vile vipimo vya mwaka 2015.

Fundi mstaafu wa geji,
Lowell, Massachusetts