Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leza katika Ukaguzi wa Maungio ya Kuchomelea

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na uanachama mtayakuta katika taarifa za Mweka Hazina na Katibu. Mimi nitajikita katika suala lililotawala vikao vya kamati ya ufundi mwaka huu, nalo ni ukaguzi wa maungio kwa mawimbi ya ultrasoniki (sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio) yanayozalishwa na leza, pasipo kifaa kugusa chuma.

Kero iliyotufikisha hapa kila mkaguzi anaijua. Probu ya kawaida, yaani kifaa kinachowekwa juu ya chuma kutuma na kupokea mawimbi hayo, huhitaji jeli au maji ili mawimbi yapenye, hivyo kwa kawaida husubiriwa chuma kipoe. Katika bamba nene linalojazwa pasi juu ya pasi (yaani tabaka moja la kuchomelea juu ya jingine), slagi (takataka ya kuchomelea iliyoganda) iliyonasa kwenye pasi ya kwanza hugundulika kazi imekwisha, na fundi hulazimika kushika grenda na kuziondoa pasi nzuri zote zilizo juu ili aifikie ile moja mbovu.

Leza inaweza kukagua kila pasi ingali moto. Pigo la mwanga la nanosekunde 10 hivi hupasha joto sehemu ndogo ya uso, ambayo hutanuka ghafla na kuanzisha wimbi, kama R. M. White alivyoonyesha mwaka 1963. Leza ya pili, ikisaidiwa na intaferometa (kifaa kinachopima mitikisiko midogo sana kwa mwanga), husoma mtikisiko wa uso mwangwi unaporudi. Katika bamba la chuma la milimita 10 lililopoa, mwangwi kutoka upande wa chini hurudi baada ya takriban mikrosekunde 3.4. Chuma cha moto hupitisha mawimbi polepole zaidi, kwa hiyo asiyesahihisha hesabu zake kulingana na joto ataiona kasoro kuwa chini zaidi kuliko ilivyo.

Pigo likiongezwa nguvu, tabaka jembamba la uso hugeuka mvuke na wimbi huimarika, ila alama hubaki. Kwenye pasi itakayofunikwa na nyingine alama hiyo haina neno. Kwenye uso wa mwisho wa tangi lisiloshika kutu, mteja hatakubali. Tena, uso wa mshono wenye makunyanzi hurejesha mwanga kidogo kwa kipokezi, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni macho ya watu wetu. Leza inayotumika sana kwa kazi hii ina mwanga wa nanomita 1064, usioonekana, lakini unaopenya hadi kwenye retina, na kioo cha kawaida cha kuchomelea hakihesabiwi kuwa kinga dhidi yake.

Kwa hiyo kamati haipendekezi chama kinunue mtambo huu kwa sasa, kwani ni ghali na unafaa zaidi viwanda vyenye roboti na kazi ya kujirudia kuliko mafundi wa maeneo ya ujenzi. Tunaomba mkutano uidhinishe somo la usalama wa leza liingizwe katika mafunzo ya wakaguzi mwaka ujao, na mazoezi ya probu ya kawaida yaendelee bila kupunguzwa saa.