Saa ya mbizi, mpya au ya zamani? Ulizeni kwanza kama italowa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie makala yenu ya saa za kifahari za kupiga mbizi, ile iliyouliza mtu mwenye hela yake anunue mpya ya dukani au atafute ya zamani. Mwandishi kaeleza vizuri mambo ya urembo na bei kupanda, sawa, lakini kuna kitu kakiruka na kwangu ndio kikubwa kuliko vyote: hiyo saa italowa au haitalowa? Maana ukishajibu hapo mengi yanajijibu yenyewe.

Hizi saa zilipoanza miaka ya 50, Blancpain na Fifty Fathoms yao ya 1953 halafu Rolex na Submariner, hazikuwa pambo hata kidogo, zilikuwa kifaa cha mzamiaji ajue kakaa chini dakika ngapi. Leo mzamiaji anavaa kompyuta ya mbizi na saa imebaki ya heshima, au ya akiba kompyuta ikizima. Ila ile mpya kazi bado inaiweza. Submariner za kuanzia 2020 zina kioo cha safaya kisichokwaruzika kirahisi, ringi ya seramiki isiyopauka, ile inayozungushwa kuzunguka kioo kuhesabu dakika, zinahimili maji hadi mita 300, na ukiivua Ijumaa jioni ukaitupa mezani Jumatatu asubuhi unaikuta bado inatembea kwa sababu ikijaa inakaa saa 70. Omega nao Seamaster Diver 300M zao za 2018 zinahimili sumaku mpaka gauss 15,000, wakati saa ya babu ukiilaza tu jirani na spika inaweza kuanza kukimbia kama ina deni.

Sasa njoo kwenye ya zamani, mfano Submariner 5513 ambayo ilitengenezwa toka mwanzoni mwa miaka ya 60 hadi mwishoni mwa 80. Kwenye sura imeandikwa mita 200 na watu wanayaamini yale maandishi utadhani ni hati ya kiwanja. Ile namba ilikuwa kweli siku inatoka kiwandani, mipira ya kuzuia maji ikiwa mipya, nyuzi za kitufe cha pembeni hazijalika, kioo cha plastiki hakina ufa. Fundi mzuri anaweza kubadilisha mipira akaiweka kwenye mashine ya presha ikapita, sikatai, lakini hapo ndipo utamu wa hili jambo, yaani hela yote uliyolipa iko kwenye vitu ambavyo maji yatavimaliza kwanza. Sura orijino, mishale orijino, ringi iliyopauka yenyewe kwa jua. Tone moja la maji ya chumvi likipenya rangi ya sura inavimba, mishale inashika kutu, unaenda unawekewa sura mpya kabisa ya kiwandani, saa inasoma vizuri kuliko mwanzo na bei imeanguka vibaya. Kwa hiyo umenunua saa ya mbizi ambayo ukiipeleka mbizi unaiharibia thamani, na bado kuna mtu anakuambia hiyo ndio saa ya mbizi ya ukweli!

Halafu ringi. Nyingi za zamani zinazunguka pande zote mbili, na hili makala haikuligusa kabisa. Mzamiaji anaweka alama ya ringi kwenye mshale wa dakika anapoanza kushuka, sasa ringi ikigongwa mahali ikasogea mbele kuufuata mshale, saa itamwambia amekaa dakika chache kuliko alizokaa kweli, na huko chini kuzidisha muda sio mchezo. Ndio maana za kisasa zinazunguka upande mmoja tu, ikigongwa ikasogea itakudanganya upande wa usalama, utapanda mapema na basi.

Mtu akishasema yake haitagusa maji, ni ya shati na mkutano, hapo namruhusu ya zamani kwa roho moja, tena nzuri ni nzuri kweli, nyembamba, haipigi kelele mkononi. Ila aende na lenzi. Atazame vidoti vya kung'aa gizani, kama ni vya tritiamu, dawa ya kung'aa yenye mionzi, chini kwenye namba 6 ataona maandishi madogo yenye herufi T, na nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu, kwa hiyo za miaka ya 70 leo zimekufa. Avimulike na tochi kisha azime taa, vikiendelea kuwaka kwa muda mrefu ujue vimepakwa upya juzi. Na vidoti vya sura na vya mishale viwe vimezeeka rangi inayoelekeana, vya sura vikiwa vimegeuka rangi ya chai ya maziwa na vya mishale vyeupe pee, uliza. Aangalie na mabega ya bodi pale mkanda unaposhika, polishi nyingi zinayala mpaka kingo zinakuwa duara kama sabuni iliyotumika. Zile za kabla ya miaka ya 60 zenye radiamu, nayo dawa ya kung'aa yenye mionzi, mimi ningewaambia watu wasizifungue nyumbani kabisa, haziwaki tena lakini radiamu yenyewe nusu yake tu huchukua miaka 1,600 kuisha, na vumbi lake sio la kupuliza kwa mdomo.

Mimi binafsi, na mwandishi wenu anaweza kunibishia, ningechukua za katikati, kama Submariner 14060 ya miaka ya 90. Kioo tayari ni safaya, mita 300, ringi upande mmoja, lakini bado ni aluminiamu inayopauka taratibu na bodi haijanenepa kama zilizofuata. Ukipata mpira mpya na kipimo cha presha unaogelea nayo, na mkwaruzo ukiingia hulii.

Mkiandika tena kuhusu hizi saa muhojini fundi, sio muuzaji, na mumuulize ni spea gani za saa za zamani anazorudisha kwa mwenyewe kwenye kimfuko baada ya kubadilisha, maana hicho kimfuko cha vipande orijino wengi hawajui kukidai.

Msomaji wenu.