Babu, nilikwenda kumtafuta Wissmann

Hamburg, Novemba

Shikamoo babu,

Mimi sijambo, ila baridi imeshaanza, na ikifika saa kumi na nusu jioni giza limeingia. Bibi mwambie achari yake wenzangu wameimaliza, na mmoja alitokwa na machozi kwa pilipili.

Nakuandikia hasa habari za Wissmann, yule kamanda wa Wajerumani. Si ulikuwa ukitusimulia barazani alivyokuja Bagamoyo mwaka 1889 kumpiga Bushiri aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, hadi Bushiri akanyongwa Pangani Desemba ile ile? Kumbe sanamu yake ilikuwa hapa hapa chuoni kwetu! Wajerumani waliisimamisha kwanza Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipoitwaa nchi wakaing'oa, na mwaka 1922 ikaja kusimamishwa huku, nje ya chuo kikuu.

Basi nikaenda kuitafuta, nikakuta nyasi na baiskeli zimefungwa. Wanafunzi waliivuta kwa kamba ikaanguka mwaka 1967. Wakubwa wakairudisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, safari hii ikapelekwa stoo. Sanamu ya Bismarck, kansela wao wa zamani, yenyewe haijaguswa: yupo juu ya kilima karibu na bandari, jiwe la mita 34 na ushei, shingo itakuuma kumtazama.

Picha za Wissmann nimeziona. Amesimama juu, na chini miguuni pake yupo askari wetu, mweusi, kainua uso anamtazama bwana wake. Hapo ndipo moyo uliponiuma babu, kuliko hata upanga wa Wissmann. Nikamkumbuka yule askari wa shaba wa Dar, wa mwaka 1927, tuliyempita kwenye daladala ukaniambia nimhesabie vifungo. Yule naye aliwekwa na wakoloni, lakini angalau hana mtu wa kumtazama juu. Yuko peke yake na bunduki yake.

Darasani nilimtaja Bushiri. Hakuna aliyemjua, hata mwalimu aliniomba nimwandikie jina ubaoni. Wissmann walimjua wote.

Sasa nina ombi. Ijumaa ukitoka msikitini, mchukue mdogo wangu na simu yake mpite kule ufukweni, kwenye lile jiwe la pale Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu. Anipigie picha maandishi yasomeke vizuri. Boma, ile ngome ya Wajerumani, asihangaike nalo, picha zake zimejaa mtandaoni. Na wewe usimame pembeni ya jiwe, uvae kofia yako ya vito.

Mjukuu wako

Hela ya dawa ya bibi nimetuma jana kwa namba ya shangazi.