Usirudi mwaka wa kwanza

Kinondoni, Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Barua yako niliisoma kwenye daladala, nikairudia usiku. Unauliza kama urudi chuo uanze upya digrii ya biashara, kwa kuwa hii ya historia haitakuingiza kwenye kampuni. Shoga yangu, usirudi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukiajiriwa tu unakatwa asilimia 15 ya mshahara, halafu ujitwishe ada ya miaka mitatu mingine? Kwa jambo unaloweza kulianza Jumatatu hapo hapo Ngamiani, dukani kwa mjomba wako!

Nikueleze nilivyokwama mimi. Kwenye usaili wangu wa kwanza nilipewa karatasi ya hesabu za kampuni, nikaulizwa: hawa wamepata faida, mbona wameshindwa kulipa mishahara? Nikanyamaza. Nilitoka nikilia, nikiamini jibu limo kwenye vitabu ambavyo sikuvisoma. Nililipata miezi miwili baadaye kwa shangazi yangu wa Mbagala, muuza mchele, nilipokuwa namsaidia kuandika daftari.

Angalia. Gunia la kilo 100 alilinunua kwa shilingi 2,200 kila kilo, yaani 220,000. Usafiri na mifuko, 10,000. Akauza kilo kwa 2,500, gunia likatoa 250,000. Faida 20,000, kabla ya pango. Lakini katika hizo 250,000, 60,000 ilikuwa kwa majirani, "mwisho wa mwezi nitakuletea". Mkononi alikuwa na 190,000, na mzigo mwingine unataka 230,000. Daftari linasema kuna faida, droo inasema hakuna hela ya gunia, na vyote viwili vinasema kweli. Nilikaa juu ya ndoo pale dukani nikaikumbuka ile karatasi ya usaili, mstari kwa mstari.

Kwa hiyo mwombe mjomba daftari lake. Hesabu mtaji umelala siku ngapi kabla ya kurudi, nani anadaiwa, bidhaa gani inatoka na ipi inakula vumbi. Kisha ziingize kwenye Excel, jifunze hadi vidole vizoee. Kazini kwangu hakuna anayeniuliza nilisoma nini. Wananiuliza takwimu za wiki.

Na hiyo historia unayoionea haya, je? Tasnifu yako ilihusu mkonge. Uliandika jinsi bei ilivyopaa wakati wa vita vya Korea, na jinsi nyuzi za plastiki zilivyokuja kuiangusha, mashamba ya Tanga yakadhoofika. Rehema, hiyo ni biashara! Ulifuatilia bidhaa moja kutoka shambani mpaka soko la dunia, ukaeleza kwa nini wenye mali hawakuona hatari mapema. Ulizoea kuiuliza kila hati nani kaiandika, kwa masilahi ya nani, na kaacha nini. Ripoti ya mauzo nayo huulizwa hivyo hivyo. Ukiitwa kwenye usaili, wasimulie mkonge.

Cheti nacho kina kazi yake, sikatai. Kama moyo unapenda hesabu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko wazi hata kwa mwenye digrii ya fani nyingine; unaanzia ngazi ya chini kuliko aliyesoma uhasibu, basi. Hufanyika Mei na Novemba, na unaweza kujisomea huku unafanya kazi. MBA, shahada ya uzamili ya biashara, iache kwanza. Ukiwa na miaka mitatu minne ya kazi utaingia darasani na maswali yako mwenyewe, na pengine mwajiri atachangia ada.

Marehemu Ali Mufuruki, aliyekuwa mwenyekiti wa jukwaa la wakuu wa makampuni hapa nchini, alisomea uhandisi Ujerumani. Namtaja kwa sababu uliandika kwamba "watu kama sisi" hawafiki huko.

Nakuja Tanga Idi, Mungu akipenda. Uwe umeandika miezi miwili ya duka, na deni la kila mteja mahali pake. Tutakaa barazani tulipitie pamoja, na mjomba mwambie asiniandalie chai tu. Nataka na yeye akae, aone.

Rafiki yako,
Mwanaidi