Dogo wa fomu foo apewe tepu na kalamu, siyo fagio

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu na wazazi, na wale wanaopanga mambo ya ajira pia. Kila nikisoma habari za ajira kwa vijana naona stori inaanzia kwa mwenye digrii, mtoto wa miaka 16 au 17 hayumo kabisa. Huyu kafanya mtihani wa fomu foo Novemba, matokeo Januari, akichaguliwa fomu faivu anaripoti Julai, asipochaguliwa ndo yupo mtaani hivyo. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato inayotengwa kwa vijana, mpaka afikishe 18. Akiomba kazi wanamuuliza uzoefu. Sasa mama yake anamleta huku Keko kwenye karakana zetu za useremala anasema fundi nisaidie huyu asikae bure.

Na sisi tunampa fagio. Asubuhi anafagia maranda, mchana anatumwa chapati, jioni anabeba mbao, miezi inakatika hajui hata kusoma tepu. Au fundi ana oda nyingi basi anamsimamisha kwenye msumeno wa umeme wiki ya kwanza tu, na hapo ndo watu wanapoteza vidole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi jamani, chini ya miaka 14 haajiriwi, kuanzia hapo ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumvurugia masomo, na chini ya 18 hagusi kazi ya hatari hata kama karakana yenyewe ni banda la mabati. Wenzangu wakisikia hivyo wanasema basi tusiwachukue kabisa, mimi hapo nawakatalia.

Nawakatalia kwa sababu useremala wenyewe umebadilika. Zamani ilikuwa nguvu, unapiga randa mninga mpaka mikono inakufa ganzi. Siku hizi mteja anatuma picha WhatsApp, anataka kabati la jikoni la MDF, zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa, na anataka bei kabla ya jioni, bodi zinapelekwa kukatwa kwa wenye mashine na wale wanataka vipimo vya milimita, mambo ya inchi na nusu hawayataki. Bodi moja ni futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220, ukipanga vipande vibaya unanunua bodi tano kwa kazi ya bodi nne na faida yako imeishia hapohapo. Unatakiwa ukumbuke msumeno unakula milimita kadhaa kila ukipita, na kwamba bodi mbili za pembeni zina unene wa milimita 18 kila moja, kwa hiyo shelfu ya kabati la upana wa 600 haiwezi kuwa 600, ni 564. Hesabu hiyo dogo aliyetoka kwenye mtihani juzi anaipiga haraka kuliko mafundi wengi wa zamani, mpe karatasi tu au programu ya kwenye simu uone.

Kazi za kumpa zipo: kwenda kwa mteja kupima ukuta, kuchora, kupanga vipande, kutoa bei, kupiga picha kitanda cha sita kwa sita kikiwa kimeng'aa vanishi na kukiposti Instagram, kumjibu mteja vizuri asikimbilie duka la fanicha za kutoka China. Hamna msumeno hapo, hamna vumbi la MDF ambalo hata sisi watu wazima linatubana kifua, na ndo kazi zinazoingiza hela siku hizi. Wasichana pia waletwe, sijui kwa nini wazazi wakimwona binti wanawaza saluni tu.

Kinachobaki ni cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anapewa cheti, ni jambo zuri sana ila huku vichochoroni wanaolijua wachache. Naomba waje Keko, waje Gerezani kwa wachomeleaji, wapimie watu hukuhuku kwenye karakana, maana kijana wa deiwaka, anayelipwa kwa siku, akipoteza siku nzima kufuatilia fomu siku hiyo hajala. Mkondo wa amali, yaani masomo ya ujuzi wa kazi, umeanza mashuleni 2024, watoto walioingia fomu wani mwaka ule watamaliza 2027 na wengi watakuja kwetu wakiwa wameshashika zana, tusiwapokee na fagio tena.

Na kila dogo anayeletwa tuandikishane na mzazi. Atafundishwa nini, kazi ipi haigusi mpaka afike 18, anaingia na kutoka saa ngapi, nauli na hela ya kula shilingi ngapi kwa siku. Ukurasa mmoja unatosha, serikali ya mtaa wagonge muhuri, nakala moja abaki nayo mama yake.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam